Mia na Ishirini na Moja

Botevgrad, Januari, zamu ya usiku.
Theluji ilikuwa imefika kiunoni mwa madirisha ya kiwanda,
nami, wiki ya kwanza kazini,
nikakabidhiwa kibano, sinia la transista mia nne,
na kiti kando ya Zdravka
asiyesema na mtu kabla ya chai.

Kila moja ilivaa kofia ya bati,
miguu mitatu chini kama mafiga.
"Besi," akasema hatimaye, akigusa wa kati,
"mpe mikroampea kumi. Usizidishe."

Kumi! Hata mbu asingeshtuka.
Nikazungusha kitufe huku pumzi nimeibana.
Sindano ya kolekta ikaamka,
ikapanda,
ikatulia kwenye elfu moja na mia mbili.

"Kumi imezaa elfu," nikasema.
"Haijazaa kitu," akanikata.
"Umeme unatoka kwenye betri, kule nyuma.
Huyu mdogo ni ruhusa tu.
Bawabu hufungua lango, habebi magunia."

Kisha akanigeuza kichwa kwa kidole
niione mita ya tatu, ya emita,
wanakotokea wote wawili kwa mlango mmoja:
elfu moja mia mbili na kumi.
Kwa hesabu yake fupi: moja kwa mia na ishirini,
mlangoni mia na ishirini na moja.
"Yule mmoja watu humsahau."

Tulizipaka nukta. Nyekundu, chini ya themanini.
Njano, hadi mia na hamsini. Kijani, kupita hapo.
Zilitoka tanuri moja, siku moja,
na hazikulingana hata ndugu kwa ndugu.
Ukiishika mkononi, uwiano unapanda;
ungoje joto lako liondoke, ndipo uandike.

Mhandisi Dragnev alikuja na karatasi kutoka Sofia:
zote ziandikwe mia na kumi.
Zdravka hakuinua macho.
"Uwiano ni tabia, mhandisi.
Tabia hubadilika na hali ya hewa.
Jumla ndiyo sheria. Hiyo nipigie muhuri."
Karatasi ikalala chini ya birika wiki mbili,
ikawa na duara la kahawia.

Februari, usiku mmoja, sheria ikavunjika.
Elfu moja mia mbili, na kumi,
na emita inasoma elfu moja mia moja tisini.
Ishirini hazipo.
"Mbovu, tutupe," nikasema.
"Mkondo haupotei, binti. Umepata uchochoro."
Akainua kishikio, akakinusa, akanitazama.
Chai yangu. Tone moja la sukari,
limekauka kati ya kolekta na fremu ya chuma,
likigeuka njia ambayo hakuna mita iliyoilinda.
Akafuta kwa spiriti, kidogo kwenye kitambaa,
kidogo, nadhani, kwingineko.
Ishirini zikarudi nyumbani.

Kabla ya king'ora akanionyesha la mwisho.
Akaipa besi hamsini, mia, mia tatu.
Kolekta ilipanda hadi elfu tano, ikagota.
Mia nne: palepale.
Mia tano: palepale.
"Betri na kipingamizi vimesema basi.
Sasa hata bawabu akiondoa lango zima,
ghalani hamna kitu cha kupita."
Uwiano ulikuwa umeporomoka hadi kumi.
Nikatazama emita: elfu tano na mia tano.
Jumla haikuwa na habari.

Siku ya mshahara tulitoka pamoja.
Langoni, mgongo kwa upepo, akazihesabu leva zake mara mbili,
akatia bunda lote mfuko wa kulia
na moja, peke yake, wa kushoto.
Sikuuliza ni ya nani.
Basi la Pravets lilikuwa limechelewa,
na vidole vyangu, nje ya glavu,
vilikuwa tayari vinaiandika mvukeni
juu ya kioo cha kituo.